Mbwa na Paka wa Nyumba ya Mapadre



Frateri akirudi kutoka mwaka wa kichungaji, watu humuuliza alifundisha dini madarasa mangapi, alitembelea Jumuiya Ndogo Ndogo ngapi, na kama alijifunza kuendesha pikipiki kwenye utelezi wa milima ya Umatengo. Habari za mbwa na paka hakuna anayeuliza. Mimi nitaandika habari zao, kwa sababu mwaka wangu wa Kitura, kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, ulishikwa na swali moja lililowekwa mezani mbele ya Halmashauri ya Walei: mbwa wa nyumba ya mapadre auawe, au aachwe?

Mbwa huyo aliitwa Yatapita. Vijijini mbwa mara nyingi hupewa jina lenye ujumbe kwa jirani au kwa dunia, na padre aliyemleta alikuwa katika mwaka mgumu. Paka hakuwa na jina. Tulimwita Nyau, kama paka wote wanavyoitwa, na hakuonekana kujali.

Asubuhi moja ya Jumapili, kabla ya Misa ya kwanza, Yatapita alimng'ata mtoto mmoja, mtumishi wa altare, kwenye ndama ya mguu. Alama nne za meno, na damu. Jambo la kwanza lilifanyika sawasawa, namshukuru Mungu kwa hilo: Mama wa jikoni alimkalisha mtoto kwenye ngazi akamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kutoka kwenye ndoo, dakika kumi na tano kamili kwa saa, mtoto akilia na mama hasikii. Kisha akapandishwa pikipiki kwenda kuchomwa sindano. Kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikishaanza, lakini kuosha jeraha mara moja na kuanza chanjo mapema humwokoa mtu. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister huko Paris mwezi Julai 1885, jambo hili limejulikana, na bado watu hufa kwa sababu waliweka majani kwenye jeraha wakasubiri.

Wanaume wawili walikuja mchana huo na nyama iliyotiwa sumu. Mwalimu (ndivyo katekista anavyoitwa kwetu) aliwasimamisha kwa sababu ambayo haikuwa ya huruma. Mbwa akimng'ata mtu, anapaswa kufungwa na kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima siku zote kumi, basi siku ile ya kung'ata hakuwa anaambukiza. Ukimuua papo hapo, umeua na jibu. Yatapita alikuwa na cheti cha chanjo cha mwaka uliotangulia, hata hivyo alifungwa siku kumi, akala, akanywa maji, akabweka kama kawaida yake. Siku ya kumi na moja suala la kichaa lilikwisha, likabaki suala la mbwa mkali.

Bibi wa yule mtoto alisema mbele ya Halmashauri maneno ambayo sijayasahau. "Frateri, mbwa ni wenu, mguu ni wa mjukuu wangu." Hakupandisha sauti. Halmashauri ikaamua: mbwa apewe muda hadi Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, siku ambayo watu wa vigango vyote hukusanyika. Kama hadi siku hiyo hajabadilika, auawe. Kazi ya kumbadilisha nikapewa mimi, pengine kwa sababu nilikuwa peke yangu niliyesema kwamba inawezekana.

Nilianza kwa kumtazama tu. Kwa siku nne nilikaa barazani na daftari, kama anayeandaa mahubiri. Niliona jambo ambalo kila mwenye mbwa analo mlangoni kwake bila kuliona. Njia ya kwenda mtoni inapita mbele ya nyumba. Mtu akipita, Yatapita anabweka. Mtu yule anaendelea na safari yake, kwa kuwa alikuwa anapita tu, akatokomea. Sisi tunajua kwamba alikuwa anakwenda mtoni. Mbwa anajua kwamba yeye ndiye aliyemfukuza. Watu thelathini kwa siku, ushindi mara thelathini, miaka mitatu. Halafu Jumapili wanakuja watu ambao wakibwekewa hawaondoki, bali wanazidi kusogea, na watoto kati yao wana mawe mkononi. Kwa mbwa wa namna hiyo, hatua inayofuata baada ya kubweka ni jino.

Niliona na jambo la pili. Kengele yetu ni chuma cha gurudumu la lori kilichoning'inizwa kwenye mti, kinagongwa kwa kipande cha nondo. Kengele ya kwanza hulia nusu saa kabla ya Misa. Yatapita alikuwa ananyanyuka na kunguruma kengele ya kwanza inapolia, kabla hata mtu mmoja hajaonekana njiani, manyoya ya mgongo yamesimama.

Waliosoma saikolojia katika falsafa watakuwa wamekwisha kumkumbuka Mrusi Ivan Pavlov. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, na ni katika utafiti huo alipoona kwamba mbwa huanza kudondosha mate kwa ishara inayotangulia chakula, kabla chakula chenyewe hakijafika. (Wasichojua wengi ni kwamba Pavlov alikuwa mtoto wa padre wa Kiorthodoksi, na yeye mwenyewe alisoma seminari ya Ryazan kabla ya kuiacha na kwenda chuo kikuu. Sitasema zaidi, gombera anasoma gazeti hili.) Kengele yetu ilikuwa imemfundisha Yatapita hasira kwa njia ile ile. Mwili wake ulikuwa unajiandaa kwa vita kwa sababu kila kengele ilipolia, vita vilifuata.

Basi kazi ilikuwa kuifanya kengele ilete kitu kingine.

Mwalimu hakukubaliana nami. Yeye ana umri wa baba yangu, na ujanani aliwinda na mbwa kwenye mabonde yanayoshuka kuelekea ziwani. "Frateri, mbwa bila fimbo ni mbuzi," aliniambia. Nilimheshimu, na nilimwuliza mbwa wake wa kuwinda walifunzwa kwa fimbo gani. Akacheka. Walifunzwa, akasema, kwa kupewa matumbo ya mnyama pale pale alipoangukia, kabla hata hajachunwa, kwa sababu ukisubiri hadi nyumbani mbwa haelewi analipwa kwa kazi ipi. Alikuwa ameyasema yote yanayohitajika. Malipo yakija papo hapo mbwa anayaunganisha na alichokitenda, yakichelewa dakika kadhaa anayaunganisha na kitu kingine. Adhabu nayo ni hivyo hivyo. Mbwa aliyekula mayai asubuhi akapigwa mchana alipoitwa, amejifunza kwamba kuitwa kunaleta kipigo. Kesho haji, na mwenyewe anasema mbwa huyu ni mkaidi.

"Lakini anajua kosa lake," Mwalimu alisisitiza. "Si unamwona anavyojikunyata?" Hapa ndipo tulipobishana hasa, jioni nzima, kwenye moto wa jikoni, maana Juni kule kuna baridi ya kuumiza vidole. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio zuri juu ya jambo hili. Aliwaacha mbwa na chakula walichokatazwa, kisha wenye mbwa wakaambiwa mbwa amekula au hajala, wakati mwingine kinyume cha ukweli. Mbwa waliokemewa walionyesha "uso wa kosa" hata kama hawakugusa chakula. Kile tunachokiita majuto ni mbwa anayesoma uso wa bwana wake na kuomba asipigwe. Ana uwezo mkubwa wa kutusoma, huu ni ufundi wake. Dhamiri ni jambo jingine, na sisi tunaojiandaa kukaa kwenye kiti cha maungamo tungependa kuweza kutofautisha hofu na toba.

Mafunzo yenyewe yalikuwa mepesi na ya kuchosha. Niliacha kumpa Yatapita chakula chake chote kwa mara moja. Ugali wake wa jioni niliugawa matonge madogo ishirini. Nyuma ya jiko, mbali na njia, nilitandika gunia la kahawa lililochakaa. Akikanyaga gunia, tonge. Akikaa juu yake, tonge. Akiondoka, hakuna kelele wala fimbo, ila na tonge hakuna. Siku ya tatu alikuwa anakimbilia gunia mwenyewe na kunitazama usoni. Mtazamo huo ndio mbwa. Wahenga wake ni mbwa mwitu wa nchi za kaskazini (si wale wenye mabaka wa Selous), wanyama wanaowinda kwa kundi na kuangaliana, na amekaa na binadamu tangu zamani kabla ya jembe. Huko Bonn, Ujerumani, lilipatikana kaburi la miaka kama 14,000 iliyopita ambamo mbwa alizikwa pamoja na watu. Ukimwonyesha mbwa kitu kwa kidole atatazama kidole kinakoelekea. Ukimgeuzia kisogo, umemwadhibu.

Wiki ya pili nikaingiza kengele. Niliomba ruhusa kwa paroko, nikawa nagonga chuma polepole saa za jioni ambapo hakuna Misa, na mara tu baada ya mlio, matonge yanamwagika kwenye gunia. Waumini wawili walikuja na vitabu vya nyimbo wakidhani kuna Rozari. Tuliisali basi. Kufikia wiki ya nne, kengele ya Jumapili ilipolia Yatapita alinyanyuka, akatazama njia, akasita kidogo, kisha akageuka kwenda kwenye gunia.

Sasa nimlete Nyau, kwa sababu wakati huo huo alikuwa na kesi yake, na mambo niliyoyafanya kwa mbwa hayakufaa hata moja kwake.

Ghala letu lilikuwa na magunia ya mahindi ya zaka na maharage ya vigango, na panya walikuwa wanakula sehemu yao bila kusubiri baraka. Nyau alikuwa analala mchana kutwa juu ya kahawa iliyokaushwa, na jioni anakamata vifaranga vya Mama wa jikoni. Mama akasema dawa ni kumnyima chakula, paka mwenye njaa ndiye anayekamata panya. Karibu kila nyumba inaamini hivyo. Lakini kwa paka njaa na uwindaji ni vitu viwili. Paka aliyeshiba huacha sahani yake kumrukia panya anayepita, na yule anayeshindishwa njaa hawi mwindaji hodari zaidi, huhama kwenda kutafuta nyumba yenye mabaki, au hula vifaranga, ambavyo ni rahisi kuliko panya. Waswahili walilisema zamani: paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya.

Nilijaribu kumwita. Utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani hutambua jina lao kati ya maneno mengine. Nyau naye alinisikia vizuri, sikio lilizunguka. Hakuja. Nilimpa tonge la ugali, akalinusa akanitazama kama mtu aliyepewa risiti badala ya chenji. Mbwa, kwa miaka elfu nyingi ya kula mabaki yetu, mwili wake umezoea kumeng'enya wanga, ndiyo maana Yatapita anafanya kazi kwa ugali. Paka ni mla nyama kabisa, bila nyama au samaki macho na moyo wake huharibika, na ladha ya utamu haijui kabisa. Mshahara wa Nyau ulipaswa kuwa usipa, yule dagaa wa Ziwa Nyasa anayepandishwa kwetu kutoka Mbamba Bay. Usipa si bure, na Mama wa jikoni aliuhesabu kila siku.

Hata kwa usipa, paka hafundishwi kwa kutazamana. Wahenga wake ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, yule kimburu anayeonekana hata hapa nchini usiku, mnyama anayewinda peke yake kwa kuvizia. Hakuwa na kundi la kulitii. Alikaribia watu pale walipoanza kuweka nafaka, kwa sababu nafaka zilileta panya. Huko Kupro limepatikana kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu na paka walizikwa jirani. Mbwa alikuja kwenye moto wa watu, paka alikuja kwenye ghala lao. Kwa hiyo ukitaka kumbadilisha paka, badilisha mahali.

Tulifanya mambo matatu. Vifaranga vilifunikwa kwa tenga hadi vilipokua vya kutosha, na hapo kesi ya vifaranga ikaisha bila paka kujifunza lolote. Kwenye mlango wa ghala tulitoboa tundu la kumpitisha paka. Na kila jioni giza linapoingia, saa ambazo paka kwa asili huamka kuwinda, niligonga kopo mara tatu ndani ya ghala na kuweka vichwa vya usipa pale. Baada ya wiki moja na nusu, kopo likigongwa Nyau alikuwa ameshafika. Mwamarekani Edward Thorndike alifanya jambo la kufanana katika tasnifu yake ya mwaka 1898: aliwafungia paka katika masanduku ya mbao yenye kamba au kitasa, chakula kikiwa nje. Paka alihangaika, akagusa kamba kwa bahati, mlango ukafunguka. Mara ya pili akachukua muda mfupi zaidi, mara ya kumi na tano akaigusa mara moja. Hakuna aliyemwonyesha wala kumsifu, mlango ndio uliomfundisha.

Baada ya mwezi, asubuhi nilikuwa nakuta mikia ya panya kwenye sakafu ya ghala. Mama wa jikoni aliacha kuhesabu usipa.

Mafarakano ya mbwa na paka mengi, kwa kadiri nilivyoona, ni ya lugha. Mkia wa mbwa ukipunga huku na huku mwili ukiwa laini, mara nyingi ni furaha. Mkia wa paka ukichapa huku na huku ni onyo, na ukisimama wima kama mshumaa wa Pasaka ni salamu. Mbwa akilala chali amejisalimisha. Paka akilala chali anaweza kuwa amekuamini, lakini mguse tumbo uone kucha nne zikifanya kazi pamoja. Yatapita alikuwa akimwona Nyau anachapa mkia anamkimbilia kwa furaha, anarudi na pua imechanwa, na hakuelewa alikosea wapi. Watoto wa Utoto Mtakatifu niliwafundisha ishara hizi kama wanavyofundishwa alama za barabarani, pamoja na kutomkodolea macho mbwa asiyewajua, kutokimbia, na kutogusa mnyama anayekula. Waliacha mawe. Hilo lilichangia zaidi ya matonge yangu yote.

Hata kuhama wanahama tofauti. Paka aliyemtangulia Nyau aliletwa akaachiwa siku ile ile, kesho yake hakuonekana tena. Nyau aliletwa na mama mmoja wa WAWATA kutoka upande wa ziwani ndani ya kikapu chenye kifuniko, akafungiwa ghalani wiki tatu nzima kabla ya kuachiwa, hadi harufu ya ghala ikawa harufu yake. Mbwa angefika siku hiyo hiyo akaona watu wake wapo, yamekwisha.

Wasomaji wa gazeti hili watauliza haya yanahusu nini seminari. Biblia yenyewe imewapa wanyama hawa nafasi zisizolingana: mbwa wa Tobia anamfuata kijana safarini na kurudi naye, na paka anatajwa mahali pamoja tu, katika sura ya 6 ya Baruku, amekaa juu ya sanamu za miungu bila woga. Napenda sana picha hiyo, ni paka kabisa. Lakini kitabu nilichokirudia zaidi miezi ile ni Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo majirani zetu wamonaki wa Peramiho wanaiishi. Katika sura ya 2 anamwambia abate kwamba amepewa kazi ngumu ya kutumikia tabia nyingi, mmoja kwa upole, mwingine kwa makemeo, mwingine kwa kushawishiwa. Sisemi waseminari ni mbwa na paka (ingawa katika bweni letu ningeweza kuwapanga bila shida). Nasema nimewaona walezi wema wakimwita paka kwa tonge la ugali miaka mitatu, na mwishowe wakaandika kwamba hana wito.

Na Katekisimu, namba 2418, inasema ni kinyume cha hadhi ya binadamu kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu, na hapo hapo inatukumbusha tusiwawekee wanyama upendo unaowastahili watu. Nilisoma namba hiyo mara nyingi nikimfikiria yule bibi. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini bibi hakuja kwangu na Katekisimu wala sheria, alikuja na mguu wa mjukuu wake, na kama mbwa angeng'ata tena jina lingekuwa langu.

Kwa hiyo sikutaka sikukuu iwe jaribio. Wapo walionishauri nimwachie Yatapita tarehe 15 Agosti ili watu waone mwujiza. Nilikataa. Mafunzo ya wiki tisa hayapimwi kwa watoto mia wanaokimbia. Kengele ya kwanza ilipolia alikwenda kwenye gunia mwenyewe, nikamfunga hapo hapo kwa kamba ndefu, nyuma ya uzio wa mianzi ambao vijana waliujenga wiki ile. Watu walipita saa nne nzima. Alibweka mara mbili, zote kwa pikipiki.

Halmashauri ilikaa baada ya chakula. Hawakumsifu mtu. Waliandika masharti: chanjo kila mwaka, mbwa afungwe siku za mikusanyiko, uzio usiondolewe, na yeyote atakayemrushia jiwe aitwe na wazazi wake. Bibi aliuliza swali moja tu, nani atafanya haya Frateri akiondoka. Akajibiwa kwamba ni Mwalimu. Akasema basi sawa. Mjukuu wake alikuwa ameanza wiki mbili kabla ya hapo kurusha matonge kwa mbali, bibi akiwa amesimama pembeni na fimbo yake, na sikumwambia aiweke chini. Hadi naondoka, yeye mwenyewe hakupita upande ule wa nyumba.

Mwezi Septemba mtaalamu wa mifugo alikuja kuchanja, karibu na tarehe 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Pasteur. Mbwa waliletwa na watoto kwa kamba za katani, wakisukumana kwenye foleni. Paka walikuwa wachache mno, ingawa nao huambukizwa na huambukiza. Wengi wa wenye paka walisema walimtafuta asubuhi hawakumwona. Nyau tulimpata kwa kopo, tukamfunika kwa tenga la vifaranga.

Frateri aliyenifuata nilimwachia karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa jiko. Gunia lisihamishwe. Kengele isigongwe kwa mchezo. Matonge yasipungue kumi hata wakati wa Kwaresima. Usipa ununuliwe kabla ya mvua za Desemba, maana bei hupanda. Kopo la Nyau ni lile la bluu, jingine hasikii.